Kompyuta Inapofungua Programu Nyingine: Nani Ana Zamu?



Msimu uliopita wa pamba tulikwenda kuwatembelea wanakisomo wetu katika kijiji kimoja. Siku hiyo ilikuwa siku ya mauzo. Kwa hiyo hatukuwakuta darasani. Tuliwakuta kwenye ghala la chama cha ushirika, kila mmoja na mafurushi yake. Tukakaa nao kivulini.

Ghalani pale mambo yamebadilika. Zamani karani alikuwa na mizani, daftari na kalamu. Sasa, pamoja na vitu hivyo, ana kompyuta na printa. Kazi inakwenda hivi. Mkulima anapima pamba. Karani anasoma mizani kwa sauti. Msaidizi wake anaandika kilo katika daftari, na karani mwenyewe anaziandika katika kompyuta. Kisha karani anabonyeza mahali palipoandikwa "Stakabadhi". Hapo programu ya kuandikia kilo inaifungua programu nyingine, ambayo kazi yake ni kuchapa stakabadhi tu.

Basi, alipima mzee mmoja. Karani akabonyeza "Stakabadhi". Kompyuta ile ni ya siku nyingi, ikakaa kimya kidogo. Foleni ilikuwa ndefu na karani hakutaka kupoteza muda. Akamwita mama aliyefuata.

"Shikamoo mama. Weka hapa."

"Marahaba mwanangu."

Mizani ikasema kilo 112. Karani aliyaweka macho kwenye mizani, na vidole kwenye kibodi. Akaandika moja, moja, mbili, halafu akabonyeza kitufe cha Enter. Lakini alipokwisha kuandika ile moja ya kwanza, dirisha la stakabadhi likachomoza mbele. Dirisha hilo huuliza: "Nakala ngapi?" Karani hakuliona. Ile moja ya kwanza ilikwisha kuingia katika kilo za mama. Moja ya pili na ile mbili zikaingia katika dirisha la nakala. Enter ikajibu: "Sawa, chapa."

Mara printa ikaanza kutema karatasi. Nakala 12 za stakabadhi ya yule mzee! Watu wakacheka. Karani akababaika, akarudi kwenye dirisha la kilo, akabonyeza Enter ili kazi iendelee. Stakabadhi ya mama nayo ikatoka. Mama yule ni mhitimu wa kisomo. Hakuikunja na kuifunga kwenye pindo la kanga. Aliisoma.

"Mwanangu," akasema, "hapa pameandikwa kilo moja. Pamba yangu imekwenda wapi?"

Kicheko kikaisha. Wengine wakaanza kunong'ona kwamba karani ni mwizi. Kilo 111 si mchezo. Ni kulima, kupalilia, kupiga dawa na kuchuma. Bahati nzuri daftari lilikuwepo. Likafunguliwa, na humo ikaonekana 112. Mama akapata stakabadhi ya haki. Lakini karani alikaa kichwa chini mpaka jioni, maana jina lake lilikwisha kuguswa mbele za watu.

Baada ya kufunga ghala tulikaa na karani, tukamwomba arudie kila hatua, polepole. Kisha chama kikampigia simu fundi aliyeitunga programu ile. Ndipo tulipoelewa kwamba karani hakuiba, na kompyuta haikuwa na jini. Palikuwa na jambo moja tu ambalo halikupangwa vizuri: nani ana zamu ya kusikiliza kibodi. Jambo hilo ndilo tunalotaka kulieleza leo.

Kibodi moja, madirisha mengi

Programu ni maagizo yaliyotungwa ili kompyuta ifanye kazi fulani. Programu nyingi hujionyesha kwenye kioo cha kompyuta ndani ya fremu ya pembe nne. Fremu hiyo ndiyo tunayoiita dirisha.

Mwaka 1973, huko Palo Alto, Marekani, mafundi wa kampuni ya Xerox walitengeneza kompyuta iliyoitwa Alto. Ni kati ya kompyuta za kwanza kabisa kuonyesha madirisha kadhaa kwenye kioo kimoja, moja likilala juu ya jingine kama karatasi mezani. Wengine wakafuata. Microsoft walitoa Windows ya kwanza mwaka 1985, na jina lenyewe maana yake ni madirisha.

Sasa fikiri. Madirisha ni mengi, lakini kibodi ni moja. Ukibonyeza herufi, iende katika dirisha lipi? Haiwezi kwenda katika yote. Kwa hiyo kila wakati dirisha moja tu ndilo linalosikiliza kibodi. Wataalamu husema dirisha hilo lina fokasi. Sisi hapa tutasema lina zamu.

Unalijuaje dirisha lenye zamu? Kwa kawaida liko juu ya mengine. Ukanda wake wa juu, wenye jina, mara nyingi una rangi iliyokolea zaidi. Na pale pa kuandikia utaona kijistari kinachopepesa. Kijistari hicho kinasema: "Andika, nakusikia." Usipokiona, usiandike kwanza.

Kama mkutano wa kijiji

Wote tumehudhuria mkutano wa kijiji. Watu ni wengi lakini msemaji ni mmoja. Mwenyekiti ndiye anayelinda utaratibu. Msemaji akimaliza, au akitaka mwenzake afafanue jambo, husema: "Mwenyekiti, naomba bwana shamba aendelee hapo." Bwana shamba anasimama na watu wanamsikiliza. Lakini mtu akidakia tu kutoka nyuma, mwenyekiti humwambia: "Ndugu, kaa chini, nyosha mkono."

Katika kompyuta mwenyekiti ni mfumo endeshi. Huu ndio mkuu wa programu zote, kama vile Windows, Linux au ule wa kompyuta za Mac. Msemaji ni programu yenye zamu. Bwana shamba ni programu nyingine iliyofunguliwa ili isaidie. Na wewe, ndugu msomaji, ndiwe mkutano wenyewe. Kazi yote ni kwa ajili yako.

Zamani mwenyekiti huyu alikuwa mpole mno. Katika Windows 95, ya mwaka 1995, programu yoyote iliweza kujisukuma mbele wakati wowote. Unaandika barua, mara programu nyingine inaruka mbele na kuyachukua maneno yako. Ilikuwa vurugu. Kuanzia Windows 98, ya mwaka 1998, na Windows 2000 iliyofuata, Microsoft waliweka sheria. Kwa ufupi sheria zenyewe ni hizi:

1. Programu yenye zamu sasa inaweza kuitoa zamu hiyo, au kulivuta mbele dirisha la programu nyingine.

2. Programu iliyofunguliwa na yule mwenye zamu nayo inaweza kuja mbele, kwa sababu imeletwa na mwenye nafasi.

3. Programu ambayo ndiyo ya mwisho kubonyezwa na mtu inaweza kuja mbele.

4. Mtu akikaa kimya muda mrefu bila kugusa kitu, mlango unafunguliwa. Muda huo kwa kawaida umewekwa sekunde 200, yaani dakika 3 na sekunde 20.

Programu isiyo na sifa hizi ikijaribu kuja mbele inakataliwa. Badala yake kitufe chake kinametameta kwenye ule ukanda wa chini wa kioo. Huko ndiko kunyosha mkono. Inasema: "Nina neno, ukipata nafasi uniite."

Tena, ruhusa ya kuja mbele haikai siku nzima. Programu ikipewa ruhusa halafu wewe ukaendelea kubonyeza ndani ya dirisha la programu nyingine, ruhusa ile inakwisha. Ni sawa na mgeni aliyeitwa asimame akachelewa kutoka chooni. Akirudi atakuta mkutano umekwisha kuendelea na jambo jingine.

Sasa, kama sheria zipo, kwa nini mama alipoteza kilo?

Swali zuri. Fundi alitueleza hivi. Programu ya kilo ndiyo iliyokuwa na zamu. Yeye alikuwa ameitunga ifungue programu ya stakabadhi, isubiri mpaka iwe tayari, halafu ilivute dirisha lake mbele. Haikuangalia kwanza kama karani anaandika. Mwenyekiti hakuona kosa, maana aliyetoa nafasi ndiye mwenye nafasi. Hiyo ni sheria ya kwanza. Lakini hakuna aliyemuuliza karani, na karani alikuwa katikati ya namba.

Hapo tulijifunza kwamba hatari kubwa ipo katika zile sekunde chache kati ya kubonyeza na dirisha kutokea. Kompyuta ikiwa mpya, sekunde hizo hazionekani. Ikiwa ya zamani zinaweza kuwa tatu, tano, hata kumi. Fundi huijaribu programu kwenye kompyuta yake nzuri mjini, na pale haoni tatizo. Tatizo huja kuonekana huku kwetu, kwenye foleni, karani akiwa na haraka.

Na kumbukeni kwamba kitufe cha Enter ni kitufe cha kukubali. Dirisha likichomoza na swali, mara nyingi jibu moja limekwisha kuwekwa tayari. Ukibonyeza Enter umelikubali, hata kama hukulisoma. Mara nyingi hata ule upau mrefu wa kuachia nafasi kati ya maneno hufanya hivyo hivyo. Kama dirisha linauliza, "Nifute?" na jibu lililo tayari ni "Ndiyo", basi neno lako moja ulilokuwa ukiliandika kwenye barua laweza kufuta kazi ya wiki nzima.

Hatari nyingine ni siri. Mtu anaandika neno lake la siri, mara dirisha jingine linachomoza mbele. Nusu ya siri inaingia humo, tena kwa maandishi ya wazi, mbele ya watu waliosimama nyuma yake.

Kosa la upande wa pili

Msidhani kwamba dawa ni kuyazuia madirisha yote yasije mbele. Hapana. Hilo nalo lina balaa lake.

Tuliwahi kumkuta mwandishi wa ofisi katika shule moja akiigombeza kompyuta. Alibonyeza barua ili ifunguke. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Akabonyeza mara tano. Kumbe barua ilikwisha kufunguka tangu mara ya kwanza, ila dirisha lake lilikuwa nyuma ya jingine. Kitufe chake kilikuwa kinametameta chini ya kioo, na yeye hakuwa anajua maana yake. Kama ingekuwa ni stakabadhi, angechapa tano. Kama ingekuwa ni malipo, Mungu apishe mbali.

Kwa nini dirisha hujificha? Mara nyingi ni kwa sababu hii. Programu inayotakiwa ilikwisha kufunguliwa tangu asubuhi. Ukiiomba tena, nakala mpya inaamka, inamkuta mwenzake yupo, inamwachia ujumbe, halafu inajifunga. Sasa ruhusa ya kuja mbele ilipewa ile nakala mpya. Yule wa tangu asubuhi hana ruhusa. Akijaribu kuja mbele, mwenyekiti anamwambia akae chini. Dawa yake ni nakala mpya kumkabidhi mwenzake ruhusa kabla ya kuondoka. Kwa vijana wanaotunga programu za Windows, amri yenyewe inaitwa AllowSetForegroundWindow. Anayeweza kuitumia ni yule tu mwenye ruhusa mkononi. Huwezi kugawa usichokuwa nacho.

Mifumo mingine nayo imefika hapo hapo kwa njia yake. Katika Linux, tangu mwaka 2021 kuna utaratibu unaofanana na tikiti ya basi. Programu yenye zamu inaomba tikiti kwa mwenyekiti, inampa ile inayofunguliwa, nayo inaionyesha ili iruhusiwe kuja mbele. Asiye na tikiti anaweza kuzuiwa. Katika kompyuta za Mac, mwaka 2023 Apple walibadili sheria. Programu haitakiwi tena kujisukuma mbele. Inaomba, na iliyo mbele inaweza kuiachia nafasi.

Kila mahali wamefika kwenye neno moja: zamu haichukuliwi kwa nguvu. Hukabidhiwa na aliye nayo.

Je, simu zetu?

Wengi wetu hatuna kompyuta, lakini simu tunazo. Jambo ni lile lile, tena kwenye simu kioo ni kidogo na dirisha moja hulifunika jingine lote. Unaingiza namba ya siri ili utume pesa, mara kitu kinachomoza juu. Je, ile namba umeiandika wapi?

Katika simu za Android, tangu toleo la 10 lililotoka mwaka 2019, programu iliyo nyuma kwa kawaida hairuhusiwi kuja mbele yenyewe. Inatakiwa ilete taarifa, nawe uiguse ukipenda. Lakini kuna mianya. Mmojawapo ni ruhusa ya kujionyesha juu ya programu nyingine. Programu ikiomba ruhusa hiyo, nawe ukakubali, umeipa ufunguo wa kuja mbele wakati unafanya jambo jingine. Wezi hupenda mlango huo. Huweka sura ya uongo juu ya ile ya kweli, nawe unaandika siri yako mikononi mwao. Kwa hiyo programu ya mchezo au ya tochi ikiomba ruhusa hiyo, jiulize: tochi inataka kusimama mbele ya pesa zangu kwa kazi gani?

Tufanye nini?

Kwa sisi tunaotumia kompyuta:

Kwanza, ukibonyeza kitu kinachofungua programu nyingine, ondoa mikono kwenye kibodi. Subiri dirisha litokee. Haraka haraka haina baraka.

Pili, kabla ya kuandika, tazama kioo, siyo vidole. Tafuta kijistari kinachopepesa.

Tatu, usipoona kitu usibonyeze tena. Tazama ukanda wa chini, kama kuna kitufe kinachometameta. Au bonyeza vitufe vya Alt na Tab kwa pamoja, nawe utayapitia madirisha yaliyofunguliwa, moja baada ya jingine.

Nne, endeleeni na daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Bila daftari, yule mama angeshindana na karatasi, na karani angeondoka na jina la mwizi.

Kwa viongozi wa vyama wanaotungiwa programu, mwambieni fundi mambo haya. Programu inayofanya kazi ya chinichini ifunguliwe bila kuchukua zamu. Njia zipo. Katika Windows, kwa mfano, amri ya start ikifuatwa na /min huifungua programu ikiwa imekunjwa chini. Kwenye Mac, amri ya open ikifuatwa na -g huifungua bila kuileta mbele. Na kama dirisha jipya ni lazima lije mbele na swali, basi lije upesi, kabla mtu hajaanza kazi nyingine. Likichelewa, linyoshe mkono. Tena jibu lililowekwa tayari lisiwe la hatari. Na programu ijaribiwe kwenye kompyuta ile ile ya ghalani, siku ya foleni.

Fundi wa chama kile alibadili mambo mawili. Sasa programu ya stakabadhi inafunguliwa nyuma na kuchapa nakala mbili bila kuuliza. Pia, kilo zikiandikwa chache kupita kawaida, dirisha la kilo linauliza, "Una hakika?" na jibu lililo tayari ni "Hapana".

Tulipopita tena kijijini tulimkuta karani kazini. Alibonyeza "Stakabadhi", akaondoa mikono, akasubiri karatasi itoke. Akampa mkulima na kumwambia: "Baba, naomba usome kwa sauti kabla hujaondoka." Yule baba akasoma. Namba ya mizani, ya daftari na ya karatasi zikawa moja.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Karani aliandika 112. Eleza kila namba ilikwenda katika dirisha gani, na kwa nini.

2. Kitufe kinapometameta chini ya kioo, programu inataka kusema nini?

3. Katika simu yako, ni programu zipi umezipa ruhusa ya kujionyesha juu ya nyingine? Je, zote zinastahili?

4. Kama yule mama asingeisoma stakabadhi yake, nini kingetokea kwake? Na kwa karani je?